Nilimwambia Baba Mkubwa Vidole Vyake Vinamdanganya

Kosa ni langu. Si la marafiki, si la simu, na shetani msimsingizie, Jumapili ile hakuonekana mtaani kwetu Randburg. Tulikuwepo mimi na mdomo wangu.

Naandika bila jina kwa sababu nyumbani nimeshasema na hakuna aliyeniamini. Ninyi hamnijui. Labda kwenu nitapata bahati.

Niko gredi ya kumi na moja. Darasani mimi ndiye yule ambaye walimu huhesabu hadi kumi kabla ya kumjibu. Mwaka huu nilimwambia mwalimu mpya wa hesabu kwamba rafiki yangu Thabo ni kiziwi. Wiki nzima mama wa watu alimfokea Thabo kama anaita teksi, na Thabo anaitikia kwa vidole. Hata nyumbani mama alizisikia habari hizo akaamini. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua duniani: kusema uongo uso ukiwa mkavu.

Baba Mkubwa ni kaka wa baba yangu. Kule Bukavu alifundisha Kifaransa, na hapa Joburg akaendelea kufundisha mpaka presha ya macho ikamla jicho moja, halafu la pili. Sasa haoni kitu. Anaishi nasi, na watoto wachache humfuata hapa nyumbani awafundishe.

Mali yake ni boksi moja la sarafu. Ni fedha za Kifaransa za zamani sana, za enzi za wafalme, kabla ya mashine. Kila moja iligongwa kwa nyundo. Fundi anaweka kipande cha fedha juu ya chuma kilichochongwa, anaweka chuma kingine juu yake, halafu anashusha nyundo kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo hakuna mbili zinazofanana. Moja mfalme amekatika shingo kwa sababu chuma kilikaa upande. Nyingine ina ufa pembeni. Nyingine wezi wa zamani waliimega kwa mkasi, kidogo kidogo, kama panya na mkate. Na kuna moja ambayo nyundo iliruka ikagonga mara mbili, mfalme akatoka na pua mbili. Nilipokuwa mdogo nilimbatiza Pua Mbili, na Baba Mkubwa alicheka mpaka akavua miwani.

Alizinunua moja moja, kwenye masoko ya Jumapili, kwa vizee vya kizungu vilivyokuwa vinauza vitu vya marehemu. Alisema nyingine zilikuja huku kusini, Rasi ya Tumaini Jema, na Wafaransa waliokimbia kwao kwa ajili ya dini, wamezishonea kwenye pindo za nguo. Kama ni kweli sijui. Yeye aliamini.

"Wakimbizi kama sisi," alikuwa anasema. "Tofauti ni kwamba wao hawakupanga foleni ya makaratasi."

Macho yalipokufa, nilidhani boksi nalo litakufa. Wapi. Aliwajua wafalme wake wote kwa kidole gumba. Ikawa desturi kwetu: Jumapili baada ya ibada, watu wa kanisa wakija kunywa chai, mimi naleta boksi. Mgeni anachagua sarafu yoyote, anaiweka kwenye kiganja cha Baba Mkubwa. Anapitisha kidole ukingoni, anaitaja ni ipi, anasimulia alivyoipata. Halafu mimi naangalia, nasema, "Sawa."

Hiyo "sawa" ilikuwa kazi yangu. Wageni wasingeweza kuhakikisha chochote, kwao zote ni vibati vyeusi. Mimi nilikuwa nimezijua tangu utotoni. Aliacha hata kuniita jina langu. Aliniita Macho.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana bila hili mtaona nimefanya mzaha tu. Bibi yetu, mama yake, alipozeeka kule Bukavu alipotewa na akili. Mwishoni alikuwa anamwita Baba Mkubwa kwa jina la jirani aliyekwisha kufa. Baba Mkubwa aliogopa hilo kuliko upofu. Kila tulipofungua boksi alikuwa anasema, nusu utani: "Siku nitakosea hawa, mujue nimemufuata mama."

Nililisikia mara nyingi. Nililijua vizuri kabisa.

Jumapili hiyo Thabo alikuwa amenitumia video anamwekea bibi yake chumvi kwenye chai. Nikaona huyu hawezi kunipita. Nikaegemeza simu kwenye bakuli la sukari, inarekodi. Mama Furaha, kiongozi wa kwaya, akachagua sarafu, akaiweka kwenye kiganja cha Baba Mkubwa.

Ilikuwa Pua Mbili. Rahisi kuliko zote. Alitabasamu hata kidole hakijamaliza kuzunguka.

"Ah. Huyu ni Pua Mbili. Bonjour, Majesté," akamwamkia mfalme wake.

Nikasema, "Hapana, Baba Mkubwa."

"Hapana nini?"

"Huyu siye. Huyu ni yule mwenye ufa."

Akaigeuza. "Macho, angalia muzuri. Ufa uko wapi?"

"Si huo hapo, umeukalia na kidole."

Mama Furaha akasema, "Eh, Papa," ndivyo wanavyomwita kanisani, "ni chai ya leo. Haina sukari ya kutosha." Watu wakacheka. Nami kicheko cha watu ni ugonjwa wangu, nikikipata nataka kingine.

Akapewa ya pili. Akaitaja sawasawa. Nikasema hapana.

Akapewa ya tatu. Hii aliishika muda mrefu, akaipeleka mpaka mdomoni, akaigusa kwa ulimi. Akaitaja kama mtu anayeuliza njia. Alikuwa sahihi. Nikamwambia, "Umekaribia, lakini siyo."

Hiyo "umekaribia" niliiweka kama pilipili, ionekane ya kweli.

Akaiweka mezani taratibu. Mkono wake ukatafuta kifuniko. "Funga, Macho."

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa ulimini: nilikuwa natania. Lakini shemasi alikuwa amekwisha simama, anasema tumwombee Papa kabla adui hajaichukua akili yake. Wote wakainuka. Mikono ikajaa kichwani pake na mabegani pake, wanakemea roho ya usahaulifu kwa Kiswahili na Kifaransa. Yeye ameketi katikati, ameinamisha uso. Mimi ninayekatiza kila mtu, walimu, matangazo, hata mazishi, siku hiyo nikashindwa kukatiza maombi. Nikafumba macho na mimi. Nikasema amina.

Thabo alipoona video alicheka. Baadaye akaandika: "Eish, lakini mzee amejua ulikuwa unamdanganya, nè?" Nikazima simu.

Kesho yake Baba Mkubwa aliwaambia watoto aliokuwa anawafundisha Kifaransa wasirudi. Baba akampeleka kliniki. Daktari akamuuliza maswali yake, akasema haoni tatizo lolote. Baba Mkubwa akajibu kwamba Jumapili daktari hakuwepo.

Akaacha kwenda spaza, kiduka cha kona, safari aliyoifanya kila asubuhi na fimbo yake. Akaacha kusimulia mambo ya Bukavu, eti pengine anayachanganya. Ilikuwa ukimwekea sahani, anamuuliza mama kama hajala tayari.

Na mimi? Nilinyamaza. Nilijiambia atasahau. Fikirini upumbavu huo: namwombea asahau mtu anayekufa kwa hofu ya kusahau.

Nilipokuja kusema, ilikuwa mezani, mbele ya baba na mama. Nilisema yote, nalia makamasi. Kwamba alizitaja zote sawa. Kwamba nilisema uongo mara tatu.

Baba Mkubwa alicheka polepole. Akanyoosha mkono hewani mpaka akakipata kichwa changu.

"Uko mutoto wa roho nzuri," akasema. "Unataka kubeba mabaya yangu. Acha, Macho. Ni yangu."

Nikamgeukia baba. Baba akasema, "Unamtania hata kwenye hili?"

Nikatoa video. Kwenye simu sarafu ni doa jeusi kwenye kiganja, huwezi kujua mfalme ana pua ngapi. Kinachosikika ni sauti yangu tu, safi, ya uhakika, kama ya mtu wa kweli. Baba aliitazama akasema, "Sasa hapo si ulikuwa unamsahihisha?" Nikasema basi mpigieni Thabo. Mama akauliza, "Yule kiziwi?"

Maisha yangu yote nimedanganya watu wakaniamini. Nimesema kweli mara moja.

Wiki iliyofuata Baba Mkubwa alinipa boksi. Alisema lisije likapotelea mikononi mwake. "Chukua weye. Ndiye unawajua."

Nilikataa. Nikatoa Pua Mbili, nikamweka kwenye kiganja chake, nikamwambia: "Gusa, Baba Mkubwa. Nitajie."

Kidole kikazunguka. Kikafika puani. Niliuona uso wake ukimjua, naapa niliuona, pembe ya mdomo ilianza kupanda. Halafu akakunja ngumi, uso ukazima.

"Niambie weye," akasema.

"Ni Pua Mbili."

"Basi ni Pua Mbili." Alisema kama mgonjwa anayemkubalia daktari. Ningemwambia ni kifuniko cha soda angesema basi ni kifuniko cha soda.

Shuleni bado wananisubiri nichekeshe. Nikifungua mdomo nasikia "umekaribia," naufunga. Mwalimu wa hesabu anadhani nimekua.

Wenzangu wenye midomo kama wangu, endeleeni. Wekeni chumvi kwenye chai, wafanyeni rafiki zenu viziwi, mtu atakunywa maji na yataisha. Ila kama nyumbani kwenu kuna mtu anayesubiri neno lako ndipo ajue kilichoko mbele yake, huyo mwache. Huyo hutamtania, utamwondoa, na ukisema pole hatakuwepo wa kuipokea.

Jana mchana nilimkuta Baba Mkubwa uani kwenye kiti cha plastiki. Jua lilikuwa limempiga usoni mpaka jasho linashuka shingoni. Akasikia hatua zangu.

"Macho," akaniuliza, "kumekucha?"