Mbeleko ya Pretty

Pretty alikuwa ametimiza miaka minane, meno yake ya mbele yameng'oka na kuota upya, na bado mama yake Medius alikuwa akimbeba mgongoni. Kila asubuhi, ukungu wa milima ya Rwenzori ukiwa umelala juu ya migomba ya kijiji cha Karambi, Medius aliinama, akafunga mbeleko ya kitenge, akapanda kilima cha shule huku miguu ya mtoto ikining'inia karibu na magoti yake. Watu walimcheka. Wengine walimwuliza kama atambeba mpaka siku ya harusi. Hakuna hata mmoja wao aliyekesha naye wodini.

Kabla ya kuinama, alilaza kwanza sikio kifuani pa mtoto. Moyo wa Pretty haukupiga tu kama mioyo mingine. Kila pigo lilikuwa na mnong'ono wake, kama maji ya mto Lubiriha yakipita chini ya majani. Medius alifumba macho, akapotelea humo. Mara nyingine uji ulimwagika jikoni naye hana habari. Jambo moja tu lilimshangaza: viatu vya Pretty viliisha soli kila muhula. Lawama zote alimtupia muuza viatu wa sokoni, mzee wa watu asiye na kosa.

Mnong'ono ule ulimrudisha hospitalini Kampala, miaka sita nyuma. Pretty alizaliwa na tundu moyoni, na mshipa wa kupeleka damu mapafuni ulikuwa mwembamba mno. Midomo na kucha zake zilikuwa za zambarau. Kitanda cha jirani alilala Bénit, mvulana wa kutoka ng'ambo ya mpaka, mwenye ugonjwa huo huo, ila yeye alifikishwa hospitali akiwa na miaka mitano. Siku mbili kabla ya zamu yake ya kupasuliwa, Bénit alikimbilia mpira kwenye korido. Akachuchumaa, akageuka rangi, asiamke tena. Wiki hiyo hiyo Pretty alipasuliwa, akatoka na midomo myekundu. Medius alilia kwa shukrani, na katikati ya kilio akaapa kwamba mwanawe hatakimbia kamwe.

Mwaka huu waliteremka mjini Kasese kwa uchunguzi wa kila mwaka. Daktari alipitisha kifaa kifuani pa Pretty, na moyo ukaonekana kwenye skrini, kivuli kinachofumbuka na kufumba. Medius aliutazama mpaka akahisi chumba kizima kinaelea.

"Valvu moja ya moyo inavuja kidogo," daktari alisema. "Tutaendelea kuiangalia. Huenda akiwa mkubwa tukaibadilisha. Lakini moyo una nguvu. Anakimbia vizuri?"

"Hapana, dokta," Medius aliharakisha kujibu. "Huyu mutoto hakimbiaki. Ni mimi namubebaka."

Nesi Amoding, mke wa askari, aliyekaa kambini mpaka sauti yake ikazoea kuamuru, aliweka kalamu chini. "Mama, wewe nyamaza kidogo. Nauliza mutoto. Pretty, unakimbiaka?"

Pretty alitazama viatu vyake.

"Nakimbiaka," akasema polepole. "Ku shule niko wa kwanza. Nashindaka hata kaka Tsongo wa darasa ya juu."

Daktari alicheka. Medius hakucheka. Hasira ilimpanda, kisha hofu ya zamani ikaifuata, na kwa mara ya kwanza akaziona zile soli zilizolika.

Walirudi mpaka wakafika chini ya kilima cha Karambi. Jua lilikuwa la alasiri, na harufu ya maua ya kahawa ilijaa njiani. Medius alitoa mbeleko kwenye mfuko, lakini hakuinama.

"Juu ya nini ulinyamaza?" aliuliza. "Miguu iko muzima, na bado unaniacha nikubebe?"

"Mama, ukiniweka ku mugongo, hauogopake tena," Pretty alisema. "Njo maana nilikuwa nakuachia."

Medius aliketi juu ya jiwe. Alijiona mjinga, na alijiona anapendwa, yote mawili kwa pamoja. Miaka yote hiyo alidhani ndiye anayebeba. Akaikunja mbeleko mara nne, akaiweka mapajani.

"Kimbia nikuone," akasema.

Pretty alikimbia. Alipita migomba, akapita shamba la kahawa, akawa doa dogo la gauni la njano kwenye ukungu wa juu. Mgongo wa Medius ulihisi baridi. Midomo yake ilikuwa ikimwita Bénit bila sauti. Kisha lile doa likageuka, likaanza kuteremka mbio, mpaka mtoto akasimama mbele yake akihema, midomo yake myekundu kabisa.

"Mama, sikiliza sasa," Pretty alisema, akafungua kifungo cha juu cha gauni.

Medius akapiga magoti njiani, akalaza sikio kifuani pa mwanawe, akasikiliza mpaka mapigo yakatulia, kwanza ya mtoto, halafu yake.