Uvimbe Usiong'aa kwa Sukari

Kwa miaka kumi na minne alifanya kazi katika chumba cha picha za nyuklia, akidunga wagonjwa dawa ya mionzi kisha kuwalaza ndani ya mashine. Wenzake walimwita Tulia, maana ndilo neno alilomwambia kila mgonjwa. Siku aliyomlaza kaka yake, fundi cherehani, alimfunga mikanda bila kulisema.

Kaka alikuwa na homa ya ini ya muda mrefu, na kipimo chake cha damu, kile kinachoashiria saratani ya ini, kilizidi kupanda. Alidungwa dawa ya sukari, inayotumika kwa wengi: saratani huila sukari kwa pupa, na panapoliwa sana ndipo panapong'aa. Picha ikatoka safi. Wifi yake Tulia akalia kwa furaha, korido nzima ikasikia.

Tulia hakulia. Alijua saratani ya ini inayokua polepole huweza kula sukari sawa na ini lenyewe, isionekane. Akamfuata daktari wa picha.

"Tumjaribu na ile dawa ya mionzi ya asetati. Uvimbe wa namna hii huinyonya."

"Ile haidumu. Dakika ishirini tu nguvu yake imebaki nusu. Lazima itengenezwe hapahapa, na mtambo wetu umekufa. Si unajua?"

"Najua, daktari. Ndiyo maana naomba unitafutie nafasi kwingine."

Alimpigia simu, akamwandikia, akamngoja mlangoni, hadi daktari akawa anapitia mlango wa nyuma. Nyumbani nako kaka alikuwa mkali.

"Picha imesema safi. Wewe unanitafutia ugonjwa kwa tochi?"

"Kaka, damu yako haijatulia."

"Basi tibuni damu, ini mliache." Akacheka peke yake. Suruali ilikuwa inamshuka, yeye aliyewapima watu viuno maisha yake yote.

Nafasi ilipatikana baada ya wiki tisa, hospitali ya mbali. Tulia aliruhusiwa kuingia chumba cha kusomea picha. Hakuhitaji kuelezwa. Madoa manne yaling'aa, mawili kila upande wa ini. Akaomba picha ile ya sukari iwekwe kando yake, azilinganishe. Palepale penye madoa, kijivu kitupu.

Daktari wa upasuaji alisema wangekata kama yangekuwa upande mmoja. Sasa zilibaki dawa za kupunguza kasi.

"Wiki tisa hizi zingebadilisha kitu?" Tulia aliuliza.

"Sijui."

Jibu hilo lilimtafuna kuliko ndiyo.

Kaka alikuwa kwenye benchi nje. "Nieleze wewe," alisema. "Hao watanizungusha." Akamweleza yote. Kaka akaomba mkewe asiambiwe mpaka wafike nyumbani.

Alifariki baada ya miezi saba. Mtambo ulipotengenezwa, Tulia akawa anawapelekea madaktari majina ya wagonjwa wa ini wenye picha safi ya sukari na damu inayopanda, akisimama hapo mpaka wasaini fomu ya picha ya asetati. Wengine picha ya pili ilitoka safi kweli. Hao aliwaonea wivu.