Poda ya Shangazi

Mie nnapiga picha watoto wanaomaliza skuli, kidato cha sita, na siwapigi ndani. Nna chumba changu Mji Mkongwe, kina feni, kioo na kabati la kamera, lakini mteja akishakunywa maji namtoa kichochoroni, maana Mungu katupa mwanga wa bure na mimi si mtu wa kukataa cha bure. Kila msimu wa mahafali nnagombana. Nnagombana na jua, nnagombana na waya za umeme zinazotaka kumtoka mtoto kichwani, nnagombana na wenye pikipiki wanaoziegesha mbele ya ukuta wangu mzuri. Wateja wanaujua mdomo wangu na bado wanakuja. Msimu ukiisha nakaa kibarazani nasema alhamdulillahi, nimepewa kazi ya kutazama nyuso za watu siku waliyofurahi. Mwaka juzi niliisema huku nalia.

Walikuja watatu, saa saba mchana. Mama mmoja wa Bwejuu, mkulima wa mwani, mikono imekakamaa kwa chumvi na kamba. Binti yake, kavaa sare mpya na mtandio mweupe wa skuli. Na wifi yake yule mama, yaani shangazi wa binti, kabeba mkoba wa vipodozi mkubwa kuliko mkoba wangu wa kamera. Walikuwa wametoka kwa jamaa zao Ng'ambo, upande wa pili wa mji, washasali adhuhuri, na binti kashapambwa.

"Shikamoo," akaniamkia.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu, kisha nikamtazama vizuri. Loh! Uso mweupe pee, shingo ya kahawia, na mikono imebaki na rangi yake ya kuzaliwa. Watu watatu ndani ya mtoto mmoja.

"Unamwonaje?" shangazi akaniuliza, fahari imemjaa.

"Mashaallah," nikasema, maana mtoto wa mtu husifiwa kwa neno hilo au hasifiwi kabisa. "Kapendeza."

Walitaka mlango wangu wa njumu, ule wa misumari ya shaba, kama wanavyoutaka wote, na walitaka sasa hivi. Nikawaambia jua liko utosini. "Nikimpiga saa hizi macho yatakuwa mashimo, na kivuli cha pua kitamwotesha masharubu. Mnataka masharubu kwenye picha ya mahafali?" Binti akacheka kwa kujibana, poda isije ikapasuka. Nikawaambia wakae mpaka alasiri, jua lilale kidogo. Shangazi akanuna, ati wana safari ya kurudi shamba. "Haraka haraka haina baraka," nikamjibu, nikawawashia feni. Yeye akaondoka kwenda sokoni Darajani kununua pini za mtandio, na binti akamfuata mpaka mlangoni kumwambia anataka zipi, akabaki barazani na simu yake.

Hapo yule mama akafungua mkoba wake, akatoa picha iliyofungwa kwenye kipande cha kanga.

"Huyu mwanangu wa kwanza," akasema. "Dada yake huyu. Alifariki kwa homa mwaka aliomaliza skuli."

Nikasema innalillahi, nikaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa picha ya mahafali, imepigwa ndani, flashi imemlenga usoni. Poda imerudisha ule mwanga wote kama bati. Nyusi zimechorwa, midomo imechorwa, katikati hamna kitu. Pua haina mgongo, mashavu hayana mfupa.

"Alikuwa mweusi, mweusi wa kung'ara," mama akaendelea. "Picha nyengine zilikuwa kwenye simu yangu, na simu iliniponyoka baharini tukivuna mwani. Hii ndo iliyobaki. Basi kila siku namtafuta humu ndani, simwoni. Nishaanza kuisahau sura yake, mwenzangu. Mie mama yake."

Akakunja kile kipande cha kanga taratibu. "Na huyu mdogo anataka kwenda kusoma Bara. Nataka picha nitakayomwona. Sina jengine."

Nikamuuliza kwa nini hakumkataza wifi yake kumpaka. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mdogo. Kwao, kumpamba binti siku yake ni haki ya shangazi. Ndugu wa baba ndiye anayemtoa mtoto mbele ya watu, na ukimfuta kazi yake umemtusi yeye na ukoo mzima. Huyo huyo ndiye aliyempamba marehemu. "Kampamba kwa mapenzi," mama akasema. "Alimlilia kuliko mimi. Ntamwambiaje kwamba mkono wake ndio ulionifichia mwanangu?"

Mie mdomo wangu ni mrefu, kila mtu anajua. Nikaamua nitagombana na shangazi mwenyewe, liwalo na liwe. Aliporudi na pini zake nikaanza kwa upole, kadiri ninavyouweza.

"Shangazi, hii poda tuipunguze kidogo. Kizuri chajiuza."

"Mtoto wa watu apigwe picha uso mkavu?" akang'aka. "Watu waseme hana wa kumpamba?"

Binti naye akamuunga mkono. "Wenzangu wote wametoka weupe," akasema, na akanionesha simu yake. Kweli, wote walikuwa weupe, na wote walikuwa mtu mmoja. Filta ile ile, pua ile ile. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa nikikuuliza rafiki yako ni yupi utanijibu?" Akatafuta, akakosea, akacheka. Lakini poda hakuitoa, na shangazi keshalifungua kopo aongeze.

Ndipo ikaadhiniwa alasiri.

Feni inazunguka, sisi wote kimya tunaitikia adhana. Ilipokwisha, mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kumtazama mtu, "Haya, mwanangu, katawadhe tusali."

Shangazi alibaki na kopo mkononi. Angesema nini? Nani atamwambia mtoto asitie udhu kwa ajili ya picha? Binti akaingia bafuni kwangu, nikasikia maji yanamwagika, poda inakwenda nayo, na mie niliyekuwa nimejipanga kwa vita nikakaa chini kwa kushukuru. Yule mama aliniangalia mara moja tu, akatandika msala.

Waliposali, shangazi akarudi mbio kwenye mkoba wake. Nikamuwahi. Nikashusha ukutani sinia langu la bati, lile la pilau, nililolivalisha kitambaa cheupe lirudishe mwanga usoni, nikamkabidhi.

"Shangazi, kazi yako haijaisha, ndo kwanza inaanza. Mpambaji ni wewe. Mie peke yangu siwezi kumshikia mwanga huku nnapiga. Utampamba kwa hili."

Alilitazama sinia, akanitazama mimi, akataka kukasirika akashindwa. "Nalishikaje?" akauliza.

Tukatoka. Mwanzo nilimweka binti mlangoni, ndani ya fremu ya mlango wenyewe, maana nyuma yake kuna giza la ukumbi na mbele kuna mwanga laini. Mahali pazuri kuliko pote. Mama akapiga ukelele. "Kizingitini asisimame! Mtoto wa kike akisimama kizingitini anazuia riziki yake." Nikavuta pumzi. Nikataka kumwambia kwamba hapo ndipo ninapopiga kila siku na sijaona riziki ya mtu ikizuilika. Nikakumbuka picha ile kwenye kipande cha kanga, nikanyamaza. Nikamtoa, nikamsogeza mpaka pembeni ya baraza, upande ambao ukuta wa jirani umepakwa chokaa juzi juzi. Jua lilikuwa linaupiga ukuta ule, na ukuta unamrudishia binti mwanga kwa ubavuni, laini, shavu moja linang'aa na jengine linaingia kivulini polepole.

Nikasema, subhanallah. Mlangoni nisingeupata mwanga ule. Ule wa mlangoni huja mbele moja kwa moja, unaulainisha uso lakini hauuchongi. Huu ulimchonga. Ghafla mtoto alikuwa na mfupa wa shavu, alikuwa na paji la uso, alikuwa na mgongo wa pua.

Lakini alisimama kama anayesubiri kukaguliwa kucha. Mabega juu, mikono imebanwa mapajani, uso umenuna. "Nishakuwa mweusi," akanong'ona. Nikamwambia aegemee mguu mmoja, bega moja anipe na jengine alifiche, kidevu akilete mbele kidogo, na mikono ishike ncha ya mtandio, maana mkono usio na kazi huleta woga. Picha ya kwanza ikatoka na uso wa giza. Mtandio mweupe huidanganya kamera, ikaona weupe mwingi ikapunguza mwanga wote. Nikaongeza mwenyewe, mpaka ngozi ikawa ngozi. Nikamwachia nafasi upande aliokuwa akiutazama, nikahakikisha hakuna waya kichwani.

"Shangazi, inua sinia. Shusha. Hapo hapo! Usitikisike."

"Hapa? Uso unawaka sasa. Mtazame! Mtazame mwanangu!" Shangazi kashasahau kununa. Alikuwa anamwona kwa sinia lake, na mkono wake ndio unaofanya.

Bado macho yalikuwa na woga. Nikamwita mama asimame karibu na bega langu, ili binti amtazame yeye badala ya kunitazama mimi na chuma changu. Mama akamwambia neno kwa Kikae, lugha ya kwao kusini, mie mtu wa mjini sikulidaka. Neno gani sijui, lakini shangazi aliangua kicheko na binti akacheka kwa meno yote, kichwa kikainama kidogo kushoto, na kwenye shavu lililokuwa upande wa kivuli kikatokea kishimo. Nikabonyeza.

Nikamwonesha binti kwanza, maana uso ni wake. Akaitazama sana. "Huyu mimi?" akauliza. "Nani mwengine?" nikamwambia. Akasema, "Basi ni nzuri," kwa aibu, akaondoka kwenda kukaa barazani kuvaa viatu vyake.

Kisha nikampa mama kamera. Aliishika kwa ile mikono ya chumvi kama anashika yai. Nikasubiri aseme mashaallah, au aseme nipige nyengine. Akaisogeza karibu na macho, akaweka kidole juu ya kile kishimo cha shavu, halafu juu ya paji la uso, halafu akafuata mstari wa shavu mpaka kidevuni. Shangazi akasogea na sinia lake, akachungulia juu ya bega la wifi yake.

"Ya rabbi," shangazi akasema. "Ndo yeye."

Nikaelewa, na machozi yakanitoka mimi wa kwanza, mie mwenye mdomo.

Mama akainua kichwa, akamwita binti yake.

"Bee, mama," binti akaitika kutoka barazani, kiatu kimoja mguuni.

"Njoo," akamwambia. "Njoo umwone dada'ko."