Kompyuta Iliyovishwa Koti

Shemeji yangu alifundisha hesabu miaka thelathini na mitatu, na mtaa mzima humwita Mwalimu, hata waliopata sifuri kwake. Ni mtu wa kunyoosha mambo. Ukimwambia utafika saa nne, saa nne na dakika mbili utamkuta mlangoni na saa yake mkononi. Anaitazama tu. Mimi ni fundi wa kompyuta, na kuchelewa ni nusu ya ufundi, kwa hiyo tangu alipomwoa dada yangu tumegombana sana, ugomvi wa kishemeji usio na damu.

Alipostaafu alikosa wa kumsahihisha. Mwezi wa kwanza alisahihisha gazeti kwa kalamu nyekundu. Mwezi wa pili akanigeukia mimi. Dada akaniambia, "Mtafutie huyu kazi, la sivyo namrudisha kwao." Alikuwa anatania, lakini si sana.

Kazi aliipata mwenyewe. Alisoma mtandaoni kwamba kuna watu wa hesabu wanaotafuta namba tasa kubwa mno, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, na kwamba kazi imewazidi. Basi wanamwomba yeyote mwenye kompyuta nyumbani awaazime nguvu zake. Unaweka programu, inapokea kipande cha hesabu, inakitafuna siku tatu nne, inarudisha jibu, inapewa kingine. Malipo hakuna. Kilichomteka Mwalimu ni jambo moja: kila swali hupewa nyumba mbili zisizojuana, kisha majibu yanalinganishwa, kama mtihani unaosahihishwa na walimu wawili. Yakilingana, jibu linakubaliwa. "Huu ndio uadilifu, shemeji," aliniambia, na nikaona furaha ya mtu aliyerudishiwa chaki yake.

Taabu ni kwamba kompyuta ilikuwa moja, na ilikuwa ya dada.

Dada anadarizi. Nembo za shule kwenye masweta, majina kwenye makoti ya wauguzi, maua kwenye mashuka. Anachora kwenye kompyuta kwa kipanya, nukta kwa nukta, kila mahali sindano itakapotua, kisha anahifadhi mchoro na kuupeleka kwenye mashine ya kudarizi, nayo inashona yenyewe. Chumba chake cha kazi kina dirisha kubwa, na nyuzi zinapeperuka humo kutwa. Kwa kuzihofia nyuzi hizo aliishonea kompyuta koti. Sisemi kitambaa cha kufunikia. Nasema koti, zito, lenye pamba ndani, vifungo mgongoni na tundu la kupitishia waya, na maua ya manjano kifuani. Mimi fundi nililiona mara ngapi sijui, na kila mara nililisifu. Hilo nalo liandikwe.

Mwalimu aliomba ruhusa ya kuweka programu yake, dada akampa. "Namba tasa?" aliuliza. "Kwani zenye watoto zimekwisha?" Hakuuliza zaidi. Alichojua ni kwamba mumewe ana hesabu zake humo ndani, na kwamba siku hizi kompyuta haizimwi. Hakujua kwamba Mwalimu ameiachia programu itumie nguvu zote, mchana na usiku, hata yeye anapochora. Mwalimu alikuwa na msemo wake, kwamba kompyuta inayowaka bila kazi ni mwanafunzi anayechungulia dirishani.

Miezi minane mambo yalikwenda vizuri. Majibu sitini na manne yalikubaliwa, na kila moja aliliandika kwenye daftari na kuliwekea alama ya vema. Kisha ukaja msimu wa joto.

Yaliyoanza kuumia ni masweta. Shule moja iliagiza nembo mia na ishirini: kitabu kilichofunguliwa, na chini yake jina la shule. Dada akachora kama anavyochora miaka yote, akashona sweta la kwanza. Nusu ya kitabu ilikaa sawa, nusu ya pili ikahama kwa upana wa kidole, na jina likaifuata hukohuko. Kwenye michoro hiyo kila mshono hupimwa kutoka ule uliotangulia, kwa hiyo mmoja ukipotea, yote inayofuata inapotea nao. Akafumua, akachora upya. Safari hii jina likapanda juu ya kitabu. Akachora mara ya tatu, na mara ya nne.

Hakumlaumu mtu, aliyalaumu macho yake. Mama yetu alianza kupoteza macho akiwa na miaka hamsini na tatu. Alianza hivyohivyo, kwa kukosea mishono, na baada ya miaka mitatu alikuwa anatushika nyuso ili ajue nani ameingia. Dada mwaka huo alikuwa ametimiza hamsini na tatu. Alinunua miwani, nembo zikaharibika vilevile. Akanunua nyingine kali zaidi. Siku moja, akikunja masweta yasiyo na nembo, akaniambia, "Nikimaliza oda hii nauza mashine. Sitaki kuharibu kazi za watu kwa ubishi."

Nikamwambia aache kujitabiria mabaya, aende akapimwe.

"Nimeshakwenda. Daktari hakuona kitu. Kasema nirudi baada ya miezi sita." Akaliweka sweta juu ya mengine. "Hata mama walimwambia hivyo."

Niliogopa, maana nakumbuka mkono wa mama usoni kwangu.

Wiki iliyofuata Mwalimu alinipigia simu: kompyuta inajizima yenyewe. Nilifika Jumamosi asubuhi, nimechelewa dakika ishirini, na hakutazama saa. Nikajua kuna jambo.

Dada alikuwa sebuleni anafumua. Nikaivua kompyuta koti lake, likiwa la moto kama nguo iliyotoka kupigwa pasi, nikafungua ubavu. Ndani, nyuzi za kila rangi zilikuwa zimejisokota kwenye feni, zimefungamana na vumbi, hata feni ikawa inazunguka kwa kusitasita. Ile dawa nyeupe inayopakwa kati ya chipu na bati la kupoozea ilikuwa imekauka, inapukutika kama chokaa ya ukuta wa zamani. Vile vikopo vidogo vya kutuliza umeme vilivyo karibu na chipu, vitatu vilikuwa vimevimba vichwa. Nikasafisha, nikaiwasha, nikaipima kumbukumbu, na kioo kikajaa mistari myekundu. Yaani unaiambia ikumbuke saba, inakurudishia tano, na haioni haya.

"Shemeji," nikasema, "mashine hii haijizimi tu. Inakosea. Imeanza lini?"

Mwalimu akafungua daftari lake, akanionyesha. Baada ya zile vema sitini na nne kulikuwa na mkasi mwekundu, alama ya kosa. Kisha wa pili. Yote pamoja ilikuwa tisa.

"Majibu yangu yaliacha kulingana na ya nyumba ya pili," akasema. "Nilijua wao ndio wamekosea. Nikawaandikia wenye mradi wamchunguze huyo msahihishaji mwenzangu."

"Wakakujibu nini?"

Alilifunga daftari. "Kwamba makosa ya namna hii mara nyingi huletwa na joto. Nikague kompyuta yangu."

"Lini hiyo?"

"Wiki tatu sasa."

"Na ukafanya nini?"

"Niliona wananidharau."

Nilimkasirikia, sitaficha. Katika wiki tatu hizo dada alikuwa amenunua miwani mara mbili na kukaa kwenye benchi la daktari. Nikamwuliza kama anadhani kompyuta inayokosea hesabu zake inajua kuziruka zile za mkewe. Akanitazama, akatazama mlango wa sebuleni, na nikaona kwamba wazo hilo halikuwa limempitia. Mume na mke wanakosea kwenye kompyuta moja, kila mmoja na aibu yake, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Lakini haki ni haki. "Hesabu peke yake isingeifikisha hapa," nikamwambia. "Ziko kompyuta zinafanya kazi hii miaka na miaka, mradi zinapata hewa. Hili koti nalo lina sehemu yake."

"Koti usilitaje."

"Lakini shemeji, ndilo lililo…"

"Nimesema usilitaje." Ilikuwa sauti ya darasani. Nikaufyata.

Akaenda kumwita. Dada aliingia na sweta mkononi, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Mwalimu alikataa kukaa. Alieleza yote kwa mpangilio: kwamba programu yake imeichosha kompyuta mpaka ikaanza kukosea, kwamba kila dada alipohifadhi mchoro, kompyuta ilikuwa inauharibu, kwamba yeye alionywa wiki tatu zilizopita na akanyamaza kwa kiburi.

"Ulichora sawa," akamaliza. "Mara zote nne. Aliyekosea ni mimi."

Nikajiweka tayari. Hasira za dada yangu zikija, mwenye akili hupisha njia. Lakini yeye alikuwa amelikumbatia lile sweta, anatutazama mmoja mmoja.

"Hebu rudia. Nilichora sawa?"

"Sawa kabisa."

"Kwa hiyo macho yangu mazima?"

Nikajibu mimi. "Mazima, dada. Daktari hakuona kitu kwa sababu hakuna kitu."

Akajishusha mpaka chini, sakafuni, juu ya nyuzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kutoka kitandani mpaka jikoni ni hatua kumi na tisa," akasema. "Jikoni mpaka kwenye mashine, thelathini na moja. Kila ukitoka, Mwalimu, nafumba macho najifunza. Jana nimefika bila kushika ukuta."

Mwalimu akakaa sakafuni kando yake, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku alipomzika baba yake.