Viatu Vyembamba vya Harusi ya Wawira

Zamani huku Karurumo marehemu baba alikuwa na jozi moja ya viatu, na viatu vyenyewe havikukanyaga njia. Jumapili alivifunga kwa kamba, akavining'iniza shingoni, akatembea pekupeku mpaka kwa lango la kanisa, akapangusa miguu kwa majani ndipo akavivaa. Wanaume wengi walifanya hivyo (mmoja alisahau, akaimba kwaya viatu vikimpiga kifuani, lakini hiyo tuiache). Namkumbuka baba kwa sababu alikuwa na akili kunishinda, na ile aibu yangu ya kanisani nilijitafutia mwenyewe.

Mimi vifundo vya miguu vimelika. Sijarogwa, ni mifupa inasagana, maana nimebeba magunia ya kahawa kwenye mteremko tangu ujana. Dada wa mazoezi ya viungo kule hospitali, anayeniita guka, yaani babu, aliniambia wazi, "Guka, hii haitaisha, lakini mnaweza kuishi pamoja." Viatu vipana vya soli laini, kifundo nikifunge kile kitambaa cha kuvutika, fimbo mkono wa kushoto kwa sababu mguu mbaya ni wa kulia, na nikiketi nisikae kama gunia, nizungushe nyayo. Nikafuata, nikapata nafuu, hata kupalilia nikarudia.

Basi mjukuu wangu Wawira akapata mchumba kutoka mji wa Maua. Baba yake hayuko tena, kwa hiyo akaniuliza, "Guka, utanifikisha mbele kwa miguu yako?" Nikamwahidi. Hakuniomba kitu kingine.

Asubuhi ya harusi nikatazama viatu vyangu vipana, nikaona vinafanana na mikate miwili, nikafikiria macho ya wale watu wa Maua, nikatoa viatu vyeusi vilivyochongoka nilivyonunua sokoni Runyenjes kwa siri. Kitambaa hakikuingia ndani, nikakiacha, na fimbo nikaisimamisha nyuma ya mlango.

Mke wangu akasema, "Mzee, hivyo ni vya kijana."

"Na leo mimi ni nani?" nikamjibu.

Bibi harusi alichelewa (nywele), na mimi nikamngoja kwenye benchi karibu na mlango wa kanisa, vidole vinawaka moto, nikavua viatu kidogo tu, nikakaa. Kama gunia. Kinanda kilipoanza, mguu wa kulia ulikuwa umevimba kama kiazi kikuu na kiatu kikaukataa, nikakanyaga kisigino chake nikakiburuta kama sapatu, Wawira amenishika mkono, kwap, kwap, watu wanageuka. Katikati ya kanisa kifundo kikalegea. Nikashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa kijiti kirefu cha maua kilichosimamishwa kando ya njia, na vijiti vyote vya upande ule vilikuwa vimefungwa kwa utepe mmoja, vikaanguka kimoja baada ya kingine mpaka mbele, cha mwisho kikampiga mjomba wa bwana harusi kichwani.

Shangazi mmoja wa Maua akauliza kwa sauti ya sokoni, "Kwani huyu mzee ameamkia pombe?" (Sijaonja pombe tangu niokoke.) Kanisa zima likacheka, na mpiga kinanda akaacha kupiga ili acheke vizuri.

Wawira hakucheka. Akaninong'oneza, "Guka, vua vyote. Twende polepole."

Nikavua, nikaviacha pale katikati ya maua, nikatembea pekupeku. Pasta akauliza nani anamtoa binti huyu. Nikasema, "Ni mimi, na nimemleta kwa miguu yangu, muione vizuri." Sasa Wawira ndiye aliyecheka, huku machozi yanamtoka.

Maharusi walipoinama kuweka sahihi, nikaokota kijiti kimoja, utepe wake bado unaning'inia, nikakishika mkono wa kushoto kama nilivyofundishwa, nikatoka kwa mlango wa pembeni na kushika njia ya nyumbani, nikikanyaga nyasi. Pasta ametuma watu mara mbili kusema viatu viko ofisini. Mimi navaa mikate yangu, na pale sijarudi.