Bafle ya Ampli Mbili

Nianze kwa kusema ukweli: muziki wa mume wangu ulinichosha. Watu wakiniuliza ninachokumbuka cha mji wetu wa Baraka miaka ile ya vita, hungoja nitaje bunduki. Mimi nakumbuka sahani zangu zikitetemeka mezani, nami nikifoka kutoka jikoni kwamba safari hii nakuja na kisu kuzikata hizo waya. Sikuzikata. Leo ningetoa chochote nilicho nacho ili sahani zile zitetemeke tena.

Bafle ndivyo tunavyoita spika kwetu Kongo. Ile ya kwake ilikuwa ya besi, iliyoundwa ikae nyuma ya gari la mtu mwenye uwezo. Gari lenyewe lilikuwa la mchuuzi wa dhahabu. Lilizama kwenye matope njia ya kwenda machimbo ya Misisi, likaachwa hukohuko, na watu wakaling'oa kipande kwa kipande. Mmoja akachukua milango, mwingine viti. Mume wangu, niliyemtuma mihogo, alirudi na kitu cheusi chenye upana wa sinia, kizito ajabu, na mihogo hakuna. Nikamuuliza tutakula nini. Akanijibu kwamba tutakula besi. Sikumsemesha mpaka kesho yake.

Alikitengenezea sanduku kwa mbao za mtumbwi uliopasuka, na nyumba yetu ikanuka samaki wakavu kila muziki ulipopigwa. Shida ikawa ampli, ile mashine ya kuipa spika nguvu. Bafle hiyo ilikuwa na bobine mbili ndani, yaani nyuzi mbili za shaba zilizozungushwa pamoja, kila moja na waya zake. Ilitaka ampli mbili zinazolingana, kila moja isukume bobine yake. Ungezipata wapi wakati ule? Barabara ya Uvira ilikuwa mikononi mwa wenye silaha, na boti za Kigoma zilikuja zilipojisikia. Akaokoteza. Moja ilikuwa kubwa, ya gari, aliyoibadilisha kwa saa yake ya mkononi. Nyingine ilikuwa ndogo na kuukuu. Alipewa na wazee wa msikiti baada ya kuwatengenezea kipaza sauti chao. Zilipokaa pamoja juu ya kabati nilimwambia zinafanana na mimi na yeye, maana mimi ni mnene na yeye alikuwa kama ufito. Alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ya kwanza alipoziunganisha zote mbili kwa betri moja ya gari, redio ya kaseti iliimba lakini bafle ikatoa mngurumo hafifu tu. Aliongeza, haikusikika zaidi ya hapo. Alidhani amebeba maiti toka Misisi. Alipoigusa ilikuwa ya moto. Alikaa nayo asubuhi nzima, akifungua na kufunga, mpaka akagundua kwamba bobine moja alikuwa ameigeuza, waya nyekundu mahali pa nyeusi. Alikuja jikoni kunieleza, kana kwamba nimemuuliza. Moja inasukuma, nyingine inavuta, kwa hiyo nguvu karibu yote inaishia ndani na kugeuka joto, na ngozi ya bafle haisogei ipasavyo. Nikamwambia hilo nalijua, nimelelewa na mama na shangazi katika nyumba moja.

Waya zikarudi mahali pake. Bado ampli hazikulingana, na yeye hakuwa na kipimo cha fundi. Basi akabuni chake. Aliilaza bafle ikitazama juu, akaweka punje za mahindi kwenye ngozi yake, mahindi yangu, kisha akapiga wimbo uleule kwa ampli moja moja. Ndogo ilizirusha punje kidogo, kubwa ilizitawanya mpaka chini ya kitanda. Ilibidi kubwa ishushwe mpaka punje ziruke sawasawa. Mimi nilidhani ndogo ndiyo ipandishwe, kama mtu yeyote angedhani. Hapana. Alisema ukiilazimisha ndogo itapiga kelele chafu, na kelele ile ndiyo inayounguza bafle, si nguvu ya kubwa.

"Mukubwa njo atamungoja mudogo," aliniambia.

Kwa kuwa wakati wa kupima ampli zilishushwa nyuma ya kabati, na vitufe vilikuwa huko, yeye alipiga magoti huko nyuma asione kitu, na mimi nikawa macho yake. Nilisimama juu ya bafle na mwiko mkononi, nikimwambia punguza, punguza, ongeza kidogo, hapo. Kila alipokwenda kupiga harusi au kuisaidia kwaya, kwanza tulifanya hivyo. Nilinung'unika kila mara. Sasa nikimkumbuka simkumbuki uso kwanza, nakumbuka nyayo zake zikitokeza nyuma ya kabati, na sauti yake ikiuliza, "Hapo?"

Vita vilipofika mjini tulivuka ghuba kwa mtumbwi kwenda rasi ya Ubwari. Yeye alibeba ampli zote mbili, na mimi, mke wa ndoa, nikapewa bafle kichwani. Masufuria yalibaki. Wanawake niliowakuta huko walinitazama bila kuamini, mmoja akaniuliza kama nitaipika. Nilimtukana mume wangu njia nzima, na njia nzima aliniitikia "ndiyo mama" kwa upole ambao ulinikasirisha zaidi. Tuliporudi, masufuria yameibwa, na watu wa harusi walianza kumtafuta yeye kabla hawajaezeka nyumba zao. Waislamu wa ufukweni walimwita, walokole walimwita. Wote walitaka kusikia kitu kizito kifuani ambacho si bomu. Hapo nilianza kumwelewa, ingawa sikumwambia.

Kisha mtu akamletea habari kwamba huko Misisi kuna ampli ya gari, pacha wa ile kubwa, mwenyewe hana kazi nayo. Sikupenda. Nilimwambia hizi mbili zinaelewana, za nini kuzitenganisha. Alisema ndogo imezeeka, inastahili kupumzika. Alichukua baiskeli, akafunga kitenge changu kimoja kwenye keria ya nyuma ili afungie ampli isigongwe njiani. Aliondoka asubuhi nzuri tu, akiwa amekula, akinitania kwamba akirudi hatahitaji tena macho yangu. Njia ilifungwa nyuma yake. Mapigano yaliingia Lulimba, katikati ya njia ile, watu wakatawanyika porini, na waliotoka upande ule walitoka bila yeye.

Kilichorudi ni habari ya baiskeli. Mtu alimwona mwenye bunduki akiiendesha, na kitenge changu bado kiko kwenye keria. Ndugu za mume wangu wakakaa kikao. Wakasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wakatangaza msiba. Mimi nilikataa. Niliwaambia baiskeli si mtu, na kwamba wengi walioliliwa wakati ule walitokea wakiwa wamekonda, wakiuliza nani amekula kuku wao. Sikunyoa, sikuvaa nguo nyeusi. Niliendelea kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni na kitenge changu chenye maua, na watu wakasema mengi. Hatukuwa tumejaliwa mtoto, kwa hiyo walisema pia kwamba sina cha kunifunga. Waliyasema karibu na meza yangu ili niyasikie, kisha wakanunua ndagala.

Aliyeomboleza ni mama mkwe. Alitandika mkeka chini, akalala hapo. Kwa desturi ya nyumba yao, mama aliyefiwa haogi ziwani na wenzake, hajipaki mafuta, wala hasuki nywele, mpaka siku ya kuondoa matanga, na siku hiyo lazima muziki upigwe na mke wa marehemu awepo. Bila mke, matanga hayaondoki. Kwa hiyo ukaidi wangu ulimlaza yeye chini. Nililijua hilo. Kila jioni nilimpelekea chakula, yeye akajipangusa mikono kwa kitambaa kilicholowa, tukala bila kulitaja. Mvua zilikuja zikaisha, zikaja tena, na yeye akaanza kukohoa kwa ile baridi ya sakafu.

Mwishowe shemeji mkubwa, kaka yake mume wangu, aliamua mwenyewe. Asiyekuwepo na lake halipo, alisema, na hata sasa sijui alikuwa anamsema mdogo wake au mimi. Alitafuta betri iliyojaa, akawaita watu, akaagiza bafle na ampli zake zitolewe ndani kwangu, ziletwe uani kwa mama mkwe. Besi ya marehemu ndiyo itakayomuaga marehemu. Akanigeukia, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua waya ipi inakwenda wapi. Ningeweza kukataa mbele ya watu. Lakini nilimwona mama mkwe ameegemezwa ukutani, amekuwa mdogo, nikapiga magoti nyuma ya sanduku.

Mikono yangu ilijua kazi kuliko nilivyotaka. Niliunganisha kubwa kwenye bobine yake. Nilipofika kwenye ndogo, nikaigeuza: nyekundu mahali pa nyeusi. Sikupanga toka nyumbani. Ilinijia palepale, na sikuona haya. Niliona kwamba kama besi haitatoka, basi hakuna muziki, hakuna matanga yaliyoondoka, na mume wangu ataendelea kuwa njiani.

Kaseti ikawekwa. Redio ikaimba kwa sauti yake nyembamba, bafle ikanyamaza kabisa. Na hapo ndipo moyo wangu ulipoumia, kwa sababu nilielewa kwa nini ilikuwa kimya hivyo. Vile vitufe sikuvigusa. Vilikuwa palepale alipoviacha siku tuliyopima mara ya mwisho. Kama ampli zingepishana nguvu, ile kubwa ingeshinda na mngurumo kidogo ungesikika, kama siku ile ya kwanza. Hakukusikika kitu. Alikuwa amezilinganisha vizuri mno, yeye na mahindi yangu. Nilitamani kumwita aje aone.

Watu walisubiri. Shemeji akasema bafle imekufa na mwenyewe, haidhuru, tucheze kwa redio. Wengine wakainuka bila hamu, maana hakuna mtu wa Baraka anayecheza wimbo usio na besi. Mama mkwe alikataa kuinuka. Alijikokota mpaka kwenye sanduku, akaweka kiganja kwenye ngozi ya bafle kama mtu anayempima mtoto homa. Ilikuwa imeshaanza kupata joto. Aliniangalia, kisha akakaa kwenye vumbi karibu nami, nyuma ya sanduku, mahali ambapo wengine hawakuweza kutusikia.

"Mutoto yangu, mi nakujua," alisema. "Siko nakuomba useme kama amekufa. Niko naomba tu nioge. Nimechoka na ule mukeka."

Nilizima, nikazichomoa zile waya, nikazirudisha zinavyotakiwa. Yeye akanishikia taa ya betri imulike ndani, mchana kweupe, ili awe na la kufanya. Nilipowasha, besi ilitoka chini ya miguu ya watu wote kwa mara moja. Kuku walikimbia. Mtu mmoja akacheka kwa mshtuko, na mama mkwe akanyoosha mkono nimwinue. Yeye ndiye anayepaswa kuanza, na alianza, polepole, akikohoa, akinishika bega. Nilicheza naye. Nililia pia, kwa sauti, bila kujificha, na nilikuwa nimekasirika kwamba watu watadhani nimekubali.

Asubuhi yake tulikwenda ziwani, yeye na mimi. Wanawake waliokuwa wakifua walimpisha mahali pazuri penye changarawe. Nilimsugua mgongo. Uchafu wa misimu yote ile ulitoka taratibu, na chini yake ngozi ilikuwa laini kuliko nilivyofikiri. Alifumba macho akaacha maji yampite shingoni. Nilivumilia kidogo, kisha nikashindwa, kwa kuwa sijawahi kujua kunyamaza na kitu kooni. Nikamwambia asije akafikiri nimekubali. Matanga niliyoyaondoa ni yake. Mimi bado namngoja mume wangu, na nitamngoja, wanichukue wanavyonichukua.

Hakufumbua macho. Alichota maji kwa viganja, akanawa uso, akanipa sabuni nimsugue tena upande wa kushoto.

"Hata mi bado namungoja," alisema. "Lakini kungoja ukiwa umesha kuoga, iko afazali."