Swali la Bwana Misitu

Nilikwenda ofisi ya kata kuomba kibali cha kuchoma majani kwenye shamba langu la mteremkoni. Tukuyu nzima hakuna mwenye mbio kama mimi, kwa hiyo bwana misitu aliponiuliza, "Upepo ukigeuka, utakimbilia wapi?" nilinyoosha kidole dirishani.

"Juu kileleni! Nafika kabla moshi haujanikuta."

Akauweka mhuri pembeni. "Moto unapanda mlima haraka kuliko wewe, baba. Kibali hupati."

Na mvua hizo zinakaribia, sijapanda hata punje ya mahindi!

Nyuma yangu alikuwepo bibi mmoja wa Suma. Akaulizwa lile lile.

"Naingia palipokwisha kuungua, mwanangu. Pale moto hauna cha kula tena."

Mhuri ukagonga, pa! Nikamfuata mpaka mlangoni. "Bibi, nani alikufundisha?"

"Panya. Wenzake walikimbia mbele ya moto, yeye akapenya kurudi kwenye majivu. Ndiye aliyepona."

Wiki iliyofuata nilipata kibali kwa jibu hilohilo la panya. Bado najiuliza panya mwenyewe aliambiwa na nani. Siku hizi nikimwona panya shambani simrushii jembe. Kwanza namtazama anaelekea wapi.